Shamba Moja la Bungu, Sheria Tatu

Mtu akifariki Bungu, matanga yakishaanuliwa na muhtasari wa kikao cha ukoo ukishafikishwa mahakamani, hakimu ana swali ambalo jibu lake lina uzito kuliko ukubwa wa shamba na wingi wa watoto. Marehemu aliishi vipi?

Hataki kujua kama alikuwa mlevi au mcha Mungu. Anatafuta sheria ya kutumia. Je, alikuwa akiswali? Alibatizwa? Ndoa yake ilifungwa na shehe, na mchungaji, au wazee walikaa tu wakapokea mahari? Ndugu wataeleza, kila mmoja akivutia upande wake. Mjane atakuwa pembeni na khanga yake begani, akisikiliza watu wakibishana juu ya tabia za mume aliyeishi naye miaka thelathini, na huenda hajui kwamba kila neno linalosemwa pale linamwongezea au linampunguzia ekari.

Bungu ni tarafa ya milimani katika wilaya ya Korogwe. Chini kuna joto na mkonge. Ukipanda unakutana na ukungu, chai na migomba. Ukishuka tena na kuvuka mto Pangani kuelekea kusini unaingia Handeni kwa Wazigua. Uislamu ulipanda Usambara pamoja na misafara ya biashara, wamisionari wa Kianglikana na Kilutheri wakaja katika karne ya 19, na mila ya Kisambaa haikuondoka kuwapisha. Ndiyo maana si ajabu hapa kukuta ndugu wa tumbo moja, mmoja Rashidi na mwingine Petro, na wote wawili wakienda kwenye tambiko la babu. Kwa maisha ya kila siku mchanganyiko huo hausumbui mtu. Unasumbua siku ya mirathi.

Tuchukue mfano wa mkulima aliyeacha ekari nane, mke mmoja, mwana mmoja na mabinti wawili. Hakimu akisema marehemu aliishi Kiislamu, mjane anapata thumuni, yaani ekari moja. Zile saba zinabaki kwa watoto, mwana akichukua mafungu mawili kwa kila fungu moja la binti. Ikisemwa aliishi Kikristo na mila ameiacha, inafuatwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo Waingereza walituletea na sisi hatukuirudisha. Hapo mjane anapata theluthi, ekari mbili na zaidi, na watoto wote wanagawana sawa kwa sawa. Ila shauri hilo haliamuliwi na mahakama ya mwanzo, ambayo mamlaka yake katika mirathi yanaishia kwenye mila na Uislamu. Itabidi mjane apande ngazi, na kwa mtu wa Bungu kupanda ngazi ni kushuka mlima na kulipa nauli.

Ikisemwa aliishi kimila, mjane hapati hata mgomba mmoja.

Sisemi hivyo kwa kusikia vijiweni. Imeandikwa katika Amri ya Serikali ya kutangaza sheria za mila, Tangazo Namba 436 la mwaka 1963. Kanuni ya 27 inasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Kanuni ya 20 inamruhusu mwanamke kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu maisha yake, hana ruhusa ya kuiuza. Warithi wenyewe wamepangwa kwa madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa yuko juu, wana wengine wanafuata, mabinti wako chini kabisa.

Mwaka huohuo wa 1963 Serikali ya Tanganyika ilifuta sheria iliyowapa machifu madaraka yao. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Chifu aliondolewa kwa sababu alikuwa mtu wa zamani asiyefaa nchi huru, halafu kanuni za enzi ya chifu kuhusu mjane zikachapwa kwenye Gazeti la Serikali zikawa sheria ya nchi huru. Kazi ya kuziandika ilianza zamani chini ya mkoloni, na aliyeifanya zaidi ya wote alikuwa Hans Cory, mzaliwa wa Austria, aliyekaa na wazee wa Kihaya na wa Kisukuma akiuliza na kuandika. Wazee aliowauliza walikuwa wanaume. Ungetegemea wajibu nini?

Mila kabla ya kuandikwa haikuwa asali kwa mwanamke, wala sitaki kumdanganya mtu. Lakini ilikuwa na maungio. Kwa Wasambaa wa zamani mke alikatiwa mashamba ya nyumba yake, na mashamba yale yakaenda kwa wana wa nyumba ile. Mama mwenye mtoto wa kiume hakutolewa kirahisi. Kwa Wazigua asili ya ukoo ni upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti ambayo baba hakuwa nayo. Amri ya 1963 iliandikwa kwa lugha ya makabila yafuatayo upande wa baba. Tena mzee wa mila, akiona mjane ameonewa, aliweza kusema hapana, huyu mama tumwachie nyumba, na maisha yakaendelea. Hakimu mwenye kanuni iliyopigwa muhuri hana nafasi hiyo. Mti mbichi unapinda, mkavu unasubiri shoka.

Kwa nini hasa dola ijitwike kazi ya kulinda desturi za ndoa na mirathi? Jibu ni la kiutawala. Hati ya Tanganyika ya mwaka 1920, ambayo Uingereza iliitunga kwa ajili ya koloni iliyompokonya Mjerumani, iliagiza mahakama ziongozwe na sheria za wenyeji katika mashauri yao, ilimradi hazichukizi haki na maadili. Miaka miwili baadaye, 1922, Uingereza ileile ilitunga hati ya kutawala Palestina, nayo ikaziachia mahakama za dini, za Kiislamu, Kikristo na Kiyahudi, mambo ya ndoa na talaka kama zilivyokuwa chini ya Waturuki. Kila kundi likae na wazee wake, mtawala akusanye kodi kwa amani. Wanawake hawakuwa sehemu ya mazungumzo, si Tanga wala Jerusalem.

Israeli ilipozaliwa mwaka 1948 iliurithi mpango huo, na mwaka 1953 Bunge lake likapitisha sheria inayozipa mahakama za marabi mamlaka ya pekee juu ya ndoa na talaka za Wayahudi wote wa nchi hiyo, wenye kuamini na wasioamini. Myahudi hawezi kufunga ndoa ya kiserikali pale. Na kwa sheria ya Kiyahudi, ndoa inavunjwa na mume kwa kumkabidhi mke hati ya talaka, iitwayo get, kwa hiari yake. Mume akikataa, mahakama haiwezi kutoa hati hiyo kwa niaba yake. Mke anabaki hana mume na hana talaka. Akizaa na mwanamume mwingine, mtoto yule anahesabiwa haramu, na aibu hiyo inashuka vizazi na vizazi. Mwanamke wa hali hiyo wanamwita agunah, jina lenye undugu na neno lao la nanga: chombo kilichotiwa nanga, hakiendi mbele wala nyuma.

Muislamu wa Korogwe hahitaji kufafanuliwa zaidi. Sura ya An-Nisaa, aya ya 129, inawaonya waume wasimwache mke kama kitu kilichoning'inizwa. Dini mbili, mfano karibu mmoja, kero ileile.

Dola ya Israeli imejaribu kuwabana waume hao. Sheria ya mwaka 1995 inaruhusu mume mkaidi anyang'anywe leseni ya gari na pasipoti, azuiwe akaunti ya benki, hata afungwe. Hata kabla ya sheria hiyo, kuna mmoja aliyekaa gerezani miaka 32 na kufia humo mwaka 1994, talaka hajaitoa. Ukaidi wa binadamu hauna dawa ya kopo.

Wakili Susan Weiss aliona kwamba mlango wa marabi umefungwa, akazunguka upande wa pili wa nyumba. Mwaka 2004 alianzisha Jerusalem kituo kiitwacho Center for Women's Justice, na mbinu yake haikuwa kuwabembeleza marabi wabadilishe Torati. Alikwenda mahakama ya kiraia ya familia na hoja ya kawaida kabisa ya madai: mwanamume anayemzuia mke kwa makusudi anamdhuru, na anayemdhuru mtu hulipa fidia. Desemba ya mwaka huohuo mahakama ya familia ya Jerusalem ilikubali kwamba kukataa talaka ni kosa la kudaiwa fidia. Tangu hapo mume anayeona deni linakuja huanza kupatana: futa kesi, nikupe hati yako. Marabi wamekasirika, wakidai talaka iliyotolewa kwa kubanwa mfuko haina hiari ndani yake, kwa hiyo ni batili. Ubishi haujaisha. Ila wanawake kadhaa wameng'oa nanga.

Sasa turudi kwetu, maana mbinu ya kutafuta mlango wa pili tunaijua.

Holaria Pastory wa Muleba, mkoani Kagera, alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia halali. Agosti 1988 aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo, shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akakimbilia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha: mwanamke wa Kihaya hauzi ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya wilaya ikaigeuza hukumu hiyo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji James Mwalusanya, na tarehe 22 Februari 1990 akaamua kwamba tangu Haki za Binadamu zilipoingizwa katika Katiba mwaka 1984, kanuni ya mila inayombagua mwanamke lazima isomwe upya. Mwanamke atauza kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Watu wa ukoo wakiitaka ardhi yao wana njia, ileile waliyokuwa nayo mwanamume anapouza: wamrudishie mnunuzi hela yake.

Mwalusanya hakuidharau mila. Aliiuliza tu kwa nini inamwachia mwanamume kuuza na kumzuia mwanamke.

Miaka saba kabla yake Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikuwa imeamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa, unaostahili mgawo wakati wa talaka. Wanasheria wanaiimba hukumu hiyo mpaka leo. Wengi husahau kwamba Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu: majaji waliona mtaji aliopewa na mumewe afanyie biashara aliutapanya, hivyo fungu lake amekwisha kulila. Wanawake waliokuja nyuma yake ndio waliofaidi.

Kisha wakaja wajane wawili wa Shinyanga, Elizabeth Stephen na Salome Charles, waliofukuzwa na ndugu wa waume zao. Wakisaidiwa na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, mwaka 2005 waliomba Mahakama Kuu ifute kanuni zenyewe za mwaka 1963, badala ya kupambana na shemeji mmoja mmoja. Mwaka 2006 majaji walikubali kwamba kanuni zinabagua. Halafu wakakataa kuzifuta! Mila, walisema, hazibadilishwi kwa amri ya mahakama, na ukigusa moja utafungua mengine yasiyoisha. Nendeni kwenye halmashauri za wilaya. Rufaa yao ikakaa miaka, na mwaka 2010 ikatupwa kwa kasoro ya tarehe katika hati ya mahakama yenyewe. Mjane kufukuzwa na shemeji ni jambo moja. Kufukuzwa na tarehe ni jingine.

Hawakukata tamaa. Walipeleka malalamiko Geneva, kwenye kamati inayosimamia Mkataba wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Machi 2015 kamati ikasema Tanzania imekiuka wajibu wake: iwafidie wajane hao na ihakikishe kanuni hizo zinafutwa au zinarekebishwa.

Katika shauri jingine, la umri wa kuolewa, Rebeca Gyumi alipata matokeo mazuri zaidi, walau kwenye karatasi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, na wa 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba sheria ile ilitungwa kwa kuzingatia mila na dini za watu. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani iliikatalia na kuipa mwaka mmoja irekebishe. Mwaka ukapita, vifungu vikabaki mahali pake.

Kuhusu talaka, lazima nikiri kwamba Mtanzania ana nafuu ambayo mwanamke wa Israeli hana. Sheria hiyohiyo ya 1971 iliweka ndoa zote chini ya paa moja. Anayetaka talaka, mume au mke, anaanzia baraza la usuluhishi, liwe la kata, la kanisa au la BAKWATA. Likishindwa kupatanisha linatoa Fomu Namba 3, na mahakama ndiyo inayovunja ndoa. Mume Muislamu aliyetamka talaka sebuleni hajamaliza kazi kisheria mpaka apite njia hiyo. Na mke ambaye mume amegoma kutamka anaweza kwenda mwenyewe.

Mtaani mambo hayaendi hivyo. Kuna mama ana hati ya mahakama iliyopigwa muhuri, lakini msikiti wake unamwambia hiyo ni karatasi ya Serikali, mumeo hajakuacha. Kuna mwingine aliyetolewa talaka tatu kwa ujumbe wa simu, akakaa eda, na miaka mitano baadaye mume akafa na mke mdogo akasema huyu hana chake hapa, wakati kwa vitabu vya Serikali alikuwa bado mke. Paralegali wa Tanga, wasaidizi wa kisheria kama sheria ya mwaka 2017 inavyowaita, muda wao mwingi unakwenda kwenye mashauri ya namna hii, ya kuziunganisha karatasi mbili zisizosalimiana.

Jirani zetu Kenya wameandika waziwazi kwamba usawa una mpaka. Katiba yao ya 2010, Ibara ya 24(4), inasema masharti ya usawa yatapunguzwa kadiri inavyohitajika ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya Makadhi katika ndoa, talaka na mirathi. Israeli walifanya kama hivyo mapema zaidi: Sheria ya Haki Sawa za Wanawake ya 1951, kifungu cha 5, inasema haigusi sheria za ndoa na talaka. Usawa kila mahali isipokuwa nyumbani.

Nasikia msomaji wa Handeni akiniuliza: unataka tuache dini zetu? Hapana. Kadhi amfungishe ndoa Muislamu, mchungaji amzike Mlutheri, mzee achinje mbuzi wa tambiko. Na anayetaka mirathi yake igawiwe kwa Qur'ani aandike hivyo. Ninachokikataa ni askari wa mahakama anayekuja kumtoa mama shambani akiwa na kanuni aliyoitia muhuri Waziri mwaka 1963, kisha tukaambiwa hiyo ni mila yetu. Wakati huohuo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Sheria mbili za nchi moja zinamvuta mjane mmoja, huyu mkono huu, yule mkono ule.

Mpaka Tangazo Namba 436 lifutwe, wenye ndoa wa Bungu wasingoje. Wosia wa maandishi wenye mashahidi unapunguza mengi ya haya. Na wale ambao kijiji chao kimeanza kutoa hati za hakimiliki za kimila, nendeni wawili, mume na mke, ofisi ya mtendaji wa kijiji. Ombeni majina yote mawili yaandikwe kwenye hati, tena kwa umiliki wa pamoja, ule ambao mmoja akifariki shamba linabaki kwa mwenzake na haliingii kwenye mirathi. Nendeni mkiwa wazima wote wawili.